Kwa nini wanafunzi wazuri wa uhandisi hudisko, na nini kinawabakiza chuoni

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, vyuo vya uhandisi nchini Tanzania hupokea vijana waliofaulu kuliko wengi wa rika lao. Wengine wametoka kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia na hisabati), wengine wamekuja na stashahada za ufundi kutoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Baada ya miezi kumi na miwili orodha ya mwaka wa pili hubandikwa, na kuna majina hayamo: wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli. Mtaani jibu huwa jepesi: uhandisi mgumu, kichwa hakikutosha. Jibu hilo halimsaidii mzazi wala mwanafunzi, na kwa sehemu kubwa si la kweli.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Elaine Seymour na Nancy Hewitt, walitoa matokeo ya mahojiano na wanafunzi 335 wa sayansi, hisabati na uhandisi katika vyuo saba. Wote walikuwa wameingia wakiwa na alama nzuri za hisabati. Baadhi walikuwa wameacha, baadhi wameendelea. Watafiti hawakukuta kundi la wenye akili na kundi la wasio nazo. Makundi yote mawili yalilalamikia mambo yaleyale: ufundishaji mbovu, kasi ya masomo, kukosa mtu wa kuwashauri. Mara nyingi kilichowatofautisha ni kama mtu alipata msaada au mbinu ya kujinasua mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Neno la kushika hapo ni mapema. Masomo ya uhandisi yamepangwa kwa kubebana. Asiyeelewa vekta hatafanya statiki (somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia), asiye na statiki atateseka kwenye nguvu za vifaa, na asiye na hizo mbili hawezi kusanifu jengo wala mashine. Pengo dogo la wiki ya tatu halibaki dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika uhandisi ukuta huo hujengwa wiki ya kumi na nne, usiku, ukiwa na mitihani sita mbele yako.

Kwa hiyo makala hii inaanzia kwenye wiki sita za mwanzo. Ndizo zinazoamua mengi.

Anza na hesabu ya saa

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawajui wanatakiwa kusoma kiasi gani, ingawa jibu limeandikwa kwenye mfumo wenyewe. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, tutoriali, maabara, kujisomea na mitihani. Mwaka una krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kila wiki, na programu nyingi za uhandisi huzidi krediti hizo.

Sasa angalia ratiba. Ikiwa mihadhara, tutoriali, karakana na maabara vinachukua saa 26 kwa wiki, zimebaki saa 14 za kukaa peke yako au na wenzako mkifanya maswali. Ni saa mbili kila siku ya wiki, Jumapili ikiwemo, au saa mbili na dakika ishirini ukitaka siku moja ya kupumzika. Hazitishi. Zinazotisha ni saa 14 za wiki ya kwanza ambazo hazikufanywa, zikaongezewa 14 za wiki ya pili, na kuendelea. Anayeanza kusoma wiki ya saba anadaiwa saa 84 pamoja na za wiki hiyo, na hakuna mkesha unaolipa deni hilo.

Kati ya saa hizo mbili za siku, zenye thamani kubwa ni zile zinazofanywa ndani ya saa 24 tangu mhadhara uishe. Usianze kwa kunakili upya notisi kwa kalamu za rangi. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka: kanuni, masharti yake, mfano uliotolewa darasani. Kisha fungua daftari uone ulichosahau. Roediger na Karpicke, katika jaribio lao la mwaka 2006, walilinganisha watu waliosoma maandishi mara nne na watu waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Ndiyo maana anayepitia madesa (notisi za kupitishana) usiku wa kuamkia mtihani hutoka chumbani akijiona ameiva, na akikalia kiti cha mtihani anakuta kichwa kitupu. Kuyatambua maandishi ukiyaona ni jambo moja, kuyatoa kichwani bila kuyaona ni jingine, na mtihani unapima hilo la pili.

Hisabati: pengo ambalo si la kalkulasi

Mwanafunzi akifeli hisabati za uhandisi husema kalkulasi imemshinda. Ukipitia karatasi yake mstari kwa mstari, mara nyingi kalkulasi yenyewe ameipata na amepotea kwenye hesabu za sekondari: kuhamisha kiasi kutoka upande mmoja wa mlinganyo, kugawanya sehemu kwa sehemu, sheria za vipeo na logi, utambulisho wa trigonometria, kutatua milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana. Vitu hivyo vinapaswa kutoka mkononi bila kufikiriwa. Kama kila hatua ya aljebra inakula dakika mbili, akili haibaki na nafasi ya kufikiria boriti au saketi iliyo mbele yake.

Tiba yake ni ya kuchosha lakini ni fupi. Katika wiki mbili za kwanza, fanya maswali 20 ya aljebra na trigonometria kila siku kutoka kitabu chochote cha sekondari, bila kikokotoo, ukijiwekea dakika 30. Ukifika siku unayokosa swali moja au mawili tu, acha. Wengi hufika hapo kabla ya wiki mbili kwisha.

Kikokotoo nacho kina mtego wake. Sine ya 30 ni 0.5 kikiwa kwenye digrii. Kikiwa kwenye radiani, kitufe hichohicho kinakupa −0.988. Alama nyingi za testi ya kwanza ya mekanika hupotea hapo, bila mwenyewe kujua kwa nini. Kabla ya kila testi, bonyeza sine ya 30 uone.

Kuna chuo kilichoamua kulishughulikia tatizo la hisabati kwa kubadilisha mpangilio wenyewe. Mwaka 2004 Nathan Klingbeil na wenzake wa Wright State, Ohio, walianzisha kozi ya mwaka wa kwanza inayofundishwa na wahandisi badala ya idara ya hisabati. Humo mwanafunzi hukutana na trigonometria ndani ya mkono wa roboti, derivati ndani ya mwendo wa kitu kilichorushwa, na milinganyo tofautishi ndani ya springi na saketi. Wanafunzi wakaruhusiwa kuendelea na kozi za uhandisi kabla ya kumaliza mlolongo mzima wa kalkulasi, na walioendelea hadi kuhitimu wakaongezeka. Vyuo vingine vingi vya Marekani vimeiga. Hatuhitaji kusubiri chuo kibadili mtaala ili tufaidike na wazo hilo: kila mada ya hisabati, muulize mwalimu au mwanafunzi wa mwaka wa tatu inatumika wapi katika fani yako, kisha ufanye swali moja la huko.

Swali moja la boriti

Hebu tushuke kwenye swali lenyewe. Boriti ya urefu wa mita 6 imelazwa juu ya maegemeo mawili, A kushoto na B kulia. Mzigo wa kilonyutoni 12 unaikandamiza mita 2 kutoka A. Uzito wa boriti yenyewe tunauacha. Kila egemeo linabeba kiasi gani?

Anayefanya vizuri huanza kwa kuchora. Anaitoa boriti peke yake, bila ukuta wala nguzo, kisha anaweka mishale ya nguvu zote zinazoigusa: 12 kwenda chini, RA (nguvu ya egemeo A) kwenda juu, RB (ya egemeo B) kwenda juu, na umbali wote. Ndipo anachukua momenti (nguvu mara umbali wake) kuzunguka A, kwa sababu hapo RA inatoweka kwenye mlinganyo: 12 mara 2 ni sawa na RB mara 6. RB ni 4. Nguvu za wima zinasawazishana, kwa hiyo RA ni 12 toa 4, yaani 8. Halafu anahakiki kwa njia ambayo hakuitumia: momenti kuzunguka B, 8 mara 6 ni 48, na 12 mara 4 ni 48. Zimekubaliana.

Tazama sasa zinavyokosewa. Yupo anayeandika 6 na 6, kwa kuwa mifano yote aliyoikariri ilikuwa na mzigo katikati. Yupo anayetumia mita 4 badala ya 2 alipochukua momenti kuzunguka A, akapata RB 8 na RA 4. Huyu angejikamata mwenyewe kama angejiuliza swali moja: mzigo uko karibu na nani? Uko karibu na A, basi A lazima abebe zaidi. Yupo aliyepata namba sahihi akaandika "8" bila kipimo, na msahihishaji hawezi kujua kama ni nyutoni, kilonyutoni au kilo. Na yupo ambaye hakuchora kabisa, akaandika mlinganyo kutoka kichwani na kusahau nguvu moja.

Makosa hayo manne yana dawa nne tofauti. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "nilikosa swali la boriti" bado hajajua alichokosa. Weka daftari dogo la makosa. Kila swali ulilokosa kwenye testi, tutoriali au mazoezi lipate mistari mitatu: swali lilihusu nini, kosa lilikuwa la aina gani (dhana, mchoro, aljebra, kipimo, kusoma swali haraka), na utafanya nini likitokea tena. Baada ya wiki tano utaona muundo wake. Wapo wanaogundua kwamba sehemu kubwa ya alama wanazopoteza ni za alama ya kutoa na vipimo, na hao hawahitaji kusoma zaidi bali kuhakiki zaidi. Wengine wanagundua dhana moja ambayo haijawahi kuwakaa, na hao wanahitaji saa moja na mwalimu.

Pepa za miaka iliyopita zinafaa, ila zina namna yake. Ukitazama swali na jibu lake pamoja, umesoma hadithi. Funika jibu, jipe muda uleule wa mtihani, fanya mpaka ukwame, andika umekwama wapi, ndipo ufunue mstari mmoja tu unaokuvusha. Na usizianze wiki ya mwisho. Pepa ya kwanza ifanywe mara tu mada mbili za mwanzo zinapokwisha.

Kundi la vimbweta

Katikati ya miaka ya 1970, Uri Treisman alikuwa anafundisha hisabati Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliona wanafunzi Weusi waliokuja na rekodi nzuri za sekondari wakifeli kalkulasi, na wanafunzi wenye asili ya China wakifanya vizuri. Badala ya kubuni sababu, aliwafuata kuona wanavyoishi na kusoma. Wale wa kwanza walikuwa na bidii, walifanya kazi zao zote, lakini kila mtu alisoma peke yake, chumbani, na hakuna aliyejua mwenzake amekwama wapi. Wale wa pili walisoma kwanza kila mtu kivyake, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakaulizana, wakasahihishana hata Kiingereza.

Alichofanya Treisman baada ya hapo ni muhimu zaidi ya alichokiona. Hakuanzisha darasa la wanyonge. Alianzisha warsha zenye maswali magumu kuliko ya darasani, wanafunzi wakiyafanya kwa makundi, na waliojiunga walifaulu vizuri zaidi. Anayewekwa kwenye darasa la kurudia mambo mepesi huamini kwamba yeye ni mwepesi. Anayepewa swali gumu pamoja na watu wa kulijaribu naye hujiona mhandisi anayejengwa.

Vyuoni kwetu diskasheni zipo tayari. Vimbweta vya Mlimani, yale mabenchi na meza za saruji za nje Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, havikosi watu jioni. Tatizo ni kwamba nyingi zinaendeshwa vibaya. Mtu mmoja anayeelewa anafundisha, saba wanatikisa vichwa, na aliyefaidika zaidi ni yule mmoja. Kundi linalosaidia lina watu watatu hadi watano. Kila mtu anakuja akiwa amejaribu maswali yote, hata kama hakuyamaliza. Anayeshika chaki au kalamu ni yule ambaye hakuelewa, na wengine wanamuuliza "kwa nini?" kila hatua. Kikao kisizidi saa mbili, na kiishe kila mmoja akifanya swali moja jipya kimyakimya bila msaada. Ukikosa hapo, hukuelewa. Ulielewa kwa pamoja tu.

Zungumzeni Kiswahili mnapotafuta maana. Mtu aliyebadilisha lugha ya kusomea alipoingia kidato cha kwanza na bado anatafuta maneno hawezi kubishana vizuri kuhusu momenti au entropia kwa lugha ya mtihani. Mkishaelewana, kila mmoja aandike jibu kamili kwa Kiingereza, kwa sentensi, kwa sababu kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, maswali ya kueleza huwaangusha hata wenye namba nzuri.

Tena changanyeni waliotoka kidato cha sita na waliotoka stashahada. Aliyetoka ufundi anajua mchoro, amewahi kushika mashine ya lathe, anajua voltimita inaunganishwaje, lakini kalkulasi imempita pembeni. Aliyetoka PCM ana kalkulasi, na hajawahi kuona fani yenyewe. Hawa wawili wakikaa pamoja kila mmoja analipwa. Kwa bahati mbaya mara nyingi hukaa mbalimbali, kila kundi likiliona jingine ni washindani.

Alama zinavyojikusanya

Katika mpangilio wa kawaida, tathmini endelevu hubeba alama 40 na UE 60. Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza ameingia UE akiwa na 14 kati ya 40. Ili avuke 40 anahitaji 26 kati ya 60, yaani asilimia 43 ya mtihani. Akitaka B+ ya alama 60 lazima apate 46, karibu asilimia 77. Wa pili ameingia na 28. Kuvuka anahitaji 12 tu, na B+ anaipata kwa 32, asilimia 53. (Baadhi ya vyuo huweka kiwango cha chini cha kupata kwenye UE yenyewe, soma kanuni zenu.) Mtihani ni uleule na ukumbi uleule, lakini mmoja ameingia akihitaji siku njema ya ajabu na mwingine anahitaji siku ya kawaida. Tofauti yao ilitengenezwa na testi mbili, kazi za nyumbani na ripoti za maabara, vitu ambavyo wengi huvidharau kwa sababu "vina alama tano tu".

GPA nayo hupimwa kwa uzito wa krediti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A ya kuanzia 70 ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ya kuanzia 40 ina 2. Tuseme una kozi mbili tu, moja ya krediti 12 na nyingine ya krediti 8. C kwenye ile ya 12 na A kwenye ile ya 8 inakupa pointi 64 ukigawa kwa 20, yaani 3.2. Geuza, A kwenye kubwa na C kwenye ndogo, unapata 76 kwa 20, yaani 3.8. Ya kwanza iko daraja la pili la chini, ya pili iko daraja la pili la juu. Kozi nzito mara nyingi ndizo zile zinazoogopwa, na watu huzikimbia wakapoe kwenye nyepesi.

Pesa

Wanaoandika kuhusu kufaulu chuoni hupenda kuliruka jambo hili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye mkopo hupokea bumu, yaani fedha ya kujikimu, kwa mkupuo. Kwa mfano wa shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 60, ni 600,000, pengine pesa nyingi kuliko alizowahi kuzishika. Wiki mbili baadaye kuna simu mpya na mdogo wake nyumbani ametumiwa ada. Siku ya arobaini anakula mlo mmoja, na testi za pili zinaanza. Njaa nayo hushusha alama.

Linalofanya kazi ni kugawa siku ileile fedha inapoingia. Toa kwanza kodi ya chumba na nauli ya muhula kama unaishi nje ya chuo, toa kikokotoo, vifaa vya kuchorea na nakala, kisha gawa kilichobaki kwa idadi ya wiki na uongeze wiki mbili za ziada, kwa sababu bumu huchelewa. Cha nyumbani kitoke kwenye kiasi ulichopanga na kisiguse chakula. Hili ni gumu kwa kijana ambaye familia inamtegemea, na wazazi wanapaswa kulisikia: kila shilingi 50,000 inayoombwa wiki ya tano inaweza kuwa ndiyo chakula cha wiki ya nane.

Saini fomu za malipo kwa wakati, na fuatilia matokeo yako yafike Bodi ya Mikopo. Kuna wanaokaa mwezi mzima bila fedha kwa sababu ya matokeo ya kozi moja yaliyochelewa kuingizwa, na hawakumuuliza afisa mikopo wa chuo.

Nani anashika spana

Wasichana wachache wanaoingia uhandisi mara nyingi huja na alama nzuri sana, na bado mazingira yanaweza kuwaondoa polepole. Angalia kundi la maabara la watu watano lenye msichana mmoja. Wavulana wanashika vifaa, yeye anaandika ripoti kwa kuwa "mwandiko wake mzuri". Baada ya mihula minne ameandika ripoti ishirini na hajawahi kukaza boliti wala kuunganisha saketi, na akienda mafunzo kwa vitendo anaambiwa hawezi kazi. Mwalimu wa maabara anaweza kulimaliza hili kwa karatasi moja ya zamu ukutani: wiki hii A anaendesha, B anasoma vipimo, C anaandika, na wiki ijayo wanabadilishana. Wanaume wanaokimbilia kuandika ili wasionekane hawajui nao watapona kwa dawa hiyohiyo.

Usafiri wa usiku kutoka maktaba na vyumba vya kompyuta ni jambo la masomo pia. Chumba kinachofunguliwa hadi saa sita usiku kwenye njia isiyo na taa hakiko wazi kwa kila mtu.

Yaliyo mikononi mwa idara

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na madarasa ambamo wanafunzi hufanya kazi wakati wa kipindi, katika sayansi, hisabati na uhandisi. Kwenye mihadhara mitupu waliofeli walikuwa karibu asilimia 34, kwenye madarasa ya kushiriki karibu 22. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 na ubao mmoja hahitaji maabara mpya ili kupata sehemu ya faida hiyo. Kila dakika 15 asimame, aweke swali moja, awape dakika tatu wafanye na jirani, kisha amwite mmoja aeleze alivyofika. Atapoteza baadhi ya mada alizopanga kuzitaja na atapata wanafunzi waliozielewa zilizobaki.

Testi ya kwanza iwe wiki ya nne na irudishwe kabla ya wiki ya sita, ikiwa na maandishi yanayosema kosa ni nini. Testi inayorudishwa wiki ya kumi na tatu haimfundishi mtu, inamhukumu tu. Idara zipange tarehe kwa pamoja, kwa maana testi nne katika siku tatu hupima uwezo wa kukesha. Na kozi ambayo nusu ya darasa hufeli kila mwaka, mhadhiri akiwa yuleyule na pepa zilezile, haipaswi kuwa fahari ya mtu. Idara iketi, karatasi zifunguliwe, ijulikane watu wanaangukia hatua ipi.

Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu ni nafasi ambayo wengi huipoteza. Anayepelekwa TANESCO, kwenye kiwanda cha saruji au eneo la ujenzi wa barabara akakaa ofisini kutengeneza chai amepoteza kitu ambacho kingempa sababu ya kuvumilia mwaka wa pili. Siku ya kwanza mwombe msimamizi akupangie wiki kwa wiki sehemu utakazopita, na kila jioni andika kwenye logibuku kifaa kimoja, namna kinavyofanya kazi na hesabu moja inayohusiana nacho. Baada ya shahada kuna njia iliyopangwa: Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humwandikisha mhitimu, na mpango wake wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, SEAP, humlea chini ya mhandisi mzoefu hadi afikie usajili wa mhandisi mtaalamu. Anayeijua njia hiyo tangu mwaka wa kwanza huchagua vituo vyake vya vitendo kwa akili.

Mambo yakiharibika

Ukipata sapu, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, jambo la kwanza ni kujua kwamba vyuo vingi huandika C hata ukipata 80, kwa hiyo lengo ni kuvuka na kuelewa. Sapu huja wakati wa likizo, bila bumu, na huweza kugongana na mafunzo kwa vitendo. Mweleze msimamizi wa kituo tarehe zako mapema. Omba kuiona karatasi yako kama utaratibu unaruhusu. Ukitaka kukata rufaa kuna ada na siku za mwisho, na zikipita mlango umefungwa.

Ukiugua, ukifiwa au ukishindwa ada katikati ya muhula, usikae kimya ukatoweka. Katika vyuo vingi kutofika kwenye mtihani bila ruhusa huhesabiwa kama kutoroka, na adhabu yake ni kuondolewa, hata kama ulikuwa kitandani. Kuahirisha mtihani au mwaka kunawezekana, ila barua iende kwa mkuu wa idara kabla ya tarehe ya mtihani, ikiwa na cheti cha daktari anayetambuliwa na chuo au ushahidi mwingine, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mshauri wa wanafunzi yupo kwa ajili hiyo, na pia kwa mwanafunzi asiyelala, asiyekula, aliyeacha kwenda darasani bila kujua kwa nini. Wenzake wa chumba ndio huona kwanza. Wamsindikize, wasimwambie tu aende.

Na kama baada ya mwaka mzima wa kujipanga vizuri umegundua kwamba fani si yako, kuhamia programu nyingine hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ndani ya siku zilizotangazwa, na krediti za kozi zinazofanana zinaweza kuhamishwa. Nenda na matokeo yako na maelezo ya kozi ulizosoma kwa mratibu wa programu unayoitaka, umuulize zipi atazikubali, kabla hujajaza fomu yoyote ya kuacha uliyonayo.